Trypanosoma huishije wazi ndani ya damu bila kumalizwa na kinga ya mwili?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa maabara ya tiba. Anaandika hivi: "Tumefundishwa kwamba vimelea vya malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu za damu, na vya leishmania ndani ya chembe nyeupe. Lakini vimelea vya malale, yaani Trypanosoma, vinaogelea hadharani, kingamwili zimevizunguka kila upande. Mwalimu alisema vinabadilisha koti, akaendelea na mada nyingine. Je, kubadilisha koti peke yake kunatosha kuvifanya viishi miezi, hata miaka, ndani ya mtu? Na kama siri ni hiyo tu, kwa nini isitengenezwe chanjo ya makoti yote?"

Ndugu yangu, mwalimu wako hakukosea, ila alikupa nusu ya jibu, tena nusu ile inayopendwa na kila kitabu. Kubadilisha koti hakutoshi. Hila hiyo inafanikiwa kwa sababu seli nzima imejengwa kuitegemea: karibu uso wote umefunikwa na protini ya aina moja, na vitu vyote ambavyo kimelea hakiwezi kuvibadilisha vimerundikwa kwenye mlango mmoja, mdogo, uliofichika nyuma. Ukiuelewa mlango huo, mambo mengi ya malale yatajipanga yenyewe, kuanzia dawa zake hadi sababu ya nagana, malale ya mifugo, kuua ng'ombe na kumwacha mchungaji.

Tuanze na umbo, maana hapa umbo ndilo linalofanya kazi. Trypanosoma brucei ana urefu wa maikromita 20 hivi, wengine zaidi, kwa hiyo ni mrefu kuliko chembe nyekundu mbili zikilazwa sambamba. Chini ya utando wake kuna mikrotubuli, vijibomba vyembamba vya protini, zilizopangwa kwa kubanana kutoka mbele hadi nyuma, ndizo zinazompa wembamba wake na ukakamavu. Kwa sababu ya mpangilio huo utando hauwezi kubonyea ovyo ovyo na kumeza vitu popote, kama inavyofanya chembe nyeupe. Kuna sehemu moja tu isiyo na mikrotubuli: kijishimo karibu na ncha ya nyuma, pale flajela, mkia wa kuogelea, inapochomoza. Tukiite mfuko wa flajela. Kutoka hapo flajela inalala ubavuni mwa mwili, imeshikamana nao hadi mbele, na ncha yake inabaki huru. Kimelea huogelea ncha hiyo ikitangulia. Kumbuka uelekeo huo, tutauhitaji.

Vilivyomo ndani vingi ni kimoja kimoja: kiini kimoja, Golji moja, mitokondria moja ndefu inayopita mwili mzima. Kile kidoa kidogo cheusi unachokiona nyuma ukipaka rangi ya Giemsa ni kinetoplasti, yaani DNA ya hiyo mitokondria. Ni wavu wa duara ndogo ndogo za DNA maelfu kadhaa na duara kubwa makumi machache, zote zimepitana kama pete za mnyororo. Sijui mpangilio mwingine wa DNA unaofanana na huu katika viumbe vyote. Kinetoplasti imefungwa kwa nyuzi kwenye kitako cha flajela, na ndiyo maana siku zote utaikuta jirani na ule mfuko. Ningeweza kukuandikia kurasa juu yake peke yake, kwa sababu RNA zinazotoka humo huhaririwa kwa kuongezewa na kupunguziwa herufi U kabla ya kusomeka, jambo lililoelezwa mara ya kwanza mwaka 1986. Lakini hukuliuliza, basi tuliache hapo.

Sasa koti lenyewe. Keith Vickerman alilionyesha kwa hadubini ya elektroni mwaka 1969, tabaka nene lililofunika utando mzima pamoja na flajela. Mwaka 1975 George Cross akatenga protini inayolijenga. Tunaiita VSG. Kila seli hubeba nakala zake takribani milioni 10, sawa na karibu asilimia 10 ya protini yote ya kimelea. Nakala hizo husimama mbili mbili, mguu wa kila moja ukiwa umechomekwa kwenye utando kwa mafuta na sukari tu, bila kupenya hadi ndani. Nanga hiyo inaitwa GPI, na muundo wake kamili ulifumbuliwa kwa mara ya kwanza kwenye protini hii hii mwaka 1988, na nasi binadamu tunazo nyingi za aina hiyo.

Unene wa koti ni nanomita 12 hadi 15. Si nyingi, lakini molekuli zimebanana kiasi kwamba kingamwili hufika juu tu. Mapampu ya sukari na protini nyingine za utando, ambazo hazitofautiani kati ya kimelea na kimelea, ziko chini huko. Mfumo wa kinga unaona vichwa vya VSG na kidogo sana zaidi ya hapo. Kwa hiyo unatengeneza kingamwili kali, nyingi, sahihi kabisa, dhidi ya vichwa hivyo. Wagonjwa wa malale wana viwango vya juu mno vya IgM, aina mojawapo ya kingamwili. Hakuna uvivu upande wa mwili wa mtu.

Halafu koti linabadilika. Kwenye aina moja inayotumika sana maabara zimehesabiwa jeni za VSG zaidi ya 2,000, ingawa nyingi kati yake ni mbovu au hazijakamilika. Kimelea hakisomi jeni hizi popote zilipo. Jeni lazima ikae kwenye kituo maalumu mwishoni mwa kromosomu. Vituo hivyo viko kama 15, na kwa wakati mmoja kinasomwa kimoja tu. Kituo kinachosomwa hukaa kwenye kijisehemu chake ndani ya kiini, nje ya nyukleoli, na msomaji wake ni polimerasi I, mashine ambayo viumbe wengine tunaitumia kutengeneza RNA za ribosomu, si protini. Kimelea kimeazima mashine yenye kasi kubwa kuliko zote ili kiweze kushona koti la molekuli milioni 10 kwa wakati. Katika damu seli moja hugawanyika kila baada ya saa sita hivi.

Mara nyingi mabadiliko hutokea kwa kunakili: jeni iliyolala hunakiliwa juu ya ile inayosomwa na kuifuta. Zile jeni mbovu nazo hazipotei bure, kwani vipande vyake huunganishwa na kutoa VSG ambayo haikuwahi kuwepo. Hali hii huonekana zaidi ugonjwa unapokomaa, wakati makoti mazima ya akiba yameshatambuliwa.

Hapa nikusahihishe jambo moja ambalo wanafunzi hulibeba hadi kwenye mtihani. Kimelea hakibadilishi koti kwa sababu kimeonja kingamwili. Hakijui kama kimegunduliwa. Mabadiliko hutokea kwa bahati, katika seli chache, hata ndani ya chupa ya maabara ambamo hakuna kingamwili yoyote. Kinachofanywa na kingamwili ni kuua wale wengi waliovaa koti la zamani, na wachache waliokwisha kubadilika wanabaki wakizaliana. Ukichora idadi yao siku kwa siku unapata mawimbi. Ronald Ross na David Thomson walichora mawimbi hayo mwaka 1910 kwa kuhesabu vimelea katika damu ya mgonjwa mmoja, miongo mingi kabla mtu yeyote hajajua VSG ni nini. Tunachokijua zaidi leo ni kwamba chini ya kila wimbi kuna makoti mengi kwa pamoja, si moja linalofuatwa na jingine kwa foleni.

Nadhani hadi hapa mwalimu wako angekubaliana nami. Sasa angalia tatizo. Jeni ikishabadilika, koti la zamani haliondoki papo hapo. VSG ni protini inayodumu. Huchukua zaidi ya siku nzima kupungua kwa nusu, na katika muda wote huo seli imevaa mchanganyiko wa zamani na mpya. Kingamwili dhidi ya koti la zamani tayari zipo kwenye damu. Kwa hesabu ya kawaida, kimelea huyu anayehama koti, tumwite mhamaji, angekufa njiani na makoti yake mapya yangekufa naye.

Anachofanya ni kufagia. Kingamwili ikishika VSG, inakuwa imeshika kitu kisicho na mzizi ndani ya seli, kinachoelea juu ya utando. Kimelea kinaogelea mbele bila kupumzika, na majimaji yanayopita ubavuni yanaisukuma VSG iliyobeba kingamwili nyuma, kwa kuwa sasa ina kimo kikubwa kuliko wenzake. Na nyuma ndiko kuliko na mfuko wa flajela. Kikundi cha Markus Engstler huko Ujerumani kilionyesha hili mwaka 2007: kimelea kikilemazwa kisiogelee vizuri, usafishaji unakwama, kikifanywa kiogelee kinyumenyume, kingamwili zinarundikana upande mwingine. Zikiingia mfukoni zinamezwa, kingamwili inapelekwa kwenye lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea, kumeng'enywa, na VSG inarudishwa juu ya uso. Kazi hii inakwenda kasi ya kutisha. Mfuko ni sehemu ndogo sana ya utando wa seli, lakini kiasi cha VSG sawa na uso mzima hupita humo kwa dakika 12 hivi.

Ufagio huu una kikomo, nisije nikakupa picha ya kiumbe asiyeuawa. Kingamwili zikiwa chache au za wastani, unasafisha. Zikifurika, protini za komplementi, zile za damu zinazosaidiana na kingamwili kuua vijidudu, hupata nafasi ya kushambulia na ini huwakamata vimelea kwa wingi. Kwa hiyo kufagia hakuchukui nafasi ya kubadilisha koti. Kunanunua muda, saa au siku zile ambazo mhamaji anazihitaji ili koti jipya litawale. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali lako, na ndilo linalokosekana ukisema tu kwamba vinabadilisha koti.

Rudi kwenye ule mlango. Kimelea kinahitaji chakula chenye molekuli kubwa, kwa mfano chuma iliyobebwa na transferini. Vipokezi vya kazi hiyo haviwezi kubadilika kila wiki, na vikitawanywa juu ya uso vitalengwa. Vimewekwa mfukoni, ambamo chembe nyeupe haiwezi kuingia na kingamwili inayoingia inamezwa haraka. Sukari ni suala jingine, inapita kwenye mapampu yaliyo chini ya koti, na hatua saba za kwanza za kuivunja zimefungiwa ndani ya vifuko viitwavyo glikosomu. Katika damu, kimelea chembamba, yaani umbo linalogawanyika, hakina njia nyingine ya maana ya kupata nishati.

Lakini mlango wa kuingizia chakula unaweza pia kuingiza sumu, na damu yetu inayo sumu hiyo. Mfukoni kuna kipokezi cha himoglobini iliyoshikwa na haptoglobini. Kimelea kinaifuata kwa ajili ya hemu, ile sehemu ya himoglobini yenye chuma. Binadamu tuna chembe za mafuta katika damu zinazobeba protini iitwayo APOL1, na chembe hizo huingia kupitia kipokezi hicho hicho. APOL1 ikishafika ndani inatoboa tando, kimelea kinafura na kufa. Ng'ombe hana kinga hii. Ndiyo maana T. brucei brucei, ambaye David Bruce alimtambua kwenye mifugo yenye nagana huko Zululand miaka ya 1890, hatuletei ugonjwa sisi ingawa mbung'o wanaotuuma wanaweza kuwa wanaye.

Aina mbili za T. brucei zimepata njia ya kuikwepa. Rhodesiense, wa mashariki na kusini mwa Afrika, ana protini iitwayo SRA inayoishika APOL1 na kuizima. Gambiense, wa magharibi na kati, ana protini nyingine, TgsGP, na zaidi ya hapo kipokezi chake kimeharibika kiasi kwamba sumu kidogo tu inaingia. Na hili hunifurahisha kila ninapolifundisha: SRA, TgsGP na hata kipokezi cha transferini vyote ni vya ukoo wa VSG. Protini za koti zimekatwa, zikapewa kazi nyingine. Upande wetu nako kuna jibu. Baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wana aina za APOL1 zilizobadilika, G1 na G2, ambazo zinahusiana na ulinzi dhidi ya malale. G2 hasa huponyoka mkononi mwa SRA. Gharama yake ni kwamba anayerithi nakala mbili za aina hizo ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo, kama ilivyoripotiwa mwaka 2010.

Uliuliza pia kuhusu miezi na miaka. Koti na ufagio vinaeleza kwa nini kimelea hakimalizwi, ila havielezi kwa nini mgonjwa hafi haraka. Kiumbe anayegawanyika kila saa sita angejaza damu yote ndani ya siku chache na kumuua mwenyeji kabla mbung'o hajafika. Vimelea hivi huhesabiana. Vinatoa vimeng'enya vinavyokata protini zilizo jirani kuwa vipande vifupi. Vikiwa wengi, vipande vinaongezeka, na kila kimelea kinavipokea kama ishara ya msongamano. Wembamba wanaacha kugawanyika na kugeuka wafupi wanene, wasiozaliana tena na waliokwisha jiandaa kwa maisha ndani ya mbung'o. Ukiwaona wa maumbo mawili kwenye slaidi moja usidhani ni maambukizi ya aina mbili.

Tena damu si makazi yao pekee. Tafiti za mwaka 2016 kwenye panya ziliwakuta kwa wingi ndani ya mafuta ya mwili na kwenye ngozi, na mwaka 2024 ikaonyeshwa kwamba makoti mapya mengi yanazaliwa huko kwenye tishu, si ndani ya damu tunayoichota. Hatua ya mwisho, ubongo na majimaji ya uti wa mgongo, unaijua. Rhodesiense huifikia kwa wiki au miezi. Gambiense anaweza kuchukua miaka.

Basi chanjo ya makoti yote. Hesabu peke yake inakatisha tamaa: jeni zaidi ya 2,000 ni mwanzo tu, kwa sababu zinachanganywa na kutoa nyingine, na hazifanani kati ya aina moja ya kimelea na nyingine. Kuna tatizo la pili ambalo kwangu ni baya zaidi. Katika panya, maambukizi haya huharibu seli B, ambazo ndizo chanzo cha kingamwili, pamoja na kumbukumbu ya kinga, hata ile iliyopandwa na chanjo ya ugonjwa mwingine kabisa. Kulenga protini za mfukoni, zisizobadilika, ni wazo zuri lililojaribiwa mara nyingi, na mara nyingi limeangushwa na mambo niliyoyaeleza: kingamwili haifiki kwa wingi, na ikifika inamezwa.

Kinachoweza kupita mlangoni ni dawa. Suramini, inayotumika tangu miaka ya 1920, inamezwa kupitia mfuko. Pentamidini na melarsoproli huingia hasa kwa protini ya utando iitwayo AQP2, ambayo kwenye kimelea cha damu hukaa mfukoni pia; ikibadilika, dawa zote mbili hupoteza makali kwa mpigo mmoja. Hicho ndicho chanzo cha usugu uliowasumbua matabibu na ambao chanzo chake kilieleweka mwaka 2012. Feksinidazoli ya vidonge, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa gambiense mwaka 2019 na kwa rhodesiense mwaka 2024, haihitaji mlango huo, kwa kuwa inawashwa na kimeng'enya cha kimelea chenyewe ikishafika ndani.

Kwa kuwa kazi yako ni maabara, kuna jambo moja la mwisho. Kipimo cha kadi kiitwacho CATT, cha gambiense, hutafuta kingamwili dhidi ya koti moja mahususi, LiTat 1.3, ambalo vimelea wengi wa gambiense hulivaa wakati fulani wa ugonjwa. Wapo wasio na jeni hiyo, na mgonjwa wao hutoka hasi. Kwa rhodesiense kipimo hicho hakina maana yoyote. Dalili zikikuonyesha malale na kadi ikakataa, fyonza tezi za shingoni zilizovimba uangalie majimaji yake yakiwa mabichi, zungusha damu kwenye sentrifuji usome mpaka kati ya chembe na plazima, na usitegemee macho kutenganisha gambiense na rhodesiense. Kwenye hadubini hawatofautiani. Utakachotumia ni mahali mgonjwa alikotoka, au kipimo cha jeni ya SRA kama maabara yenu inacho.